Chambo cha Herufi Nne

Rangi ya kwanza ambayo mwanafunzi wa maabara ya seli hufundishwa kuitumia ni tripani ya bluu. Tone lake huchanganywa na tone la seli, kioo cha kuhesabia kikawekwa chini ya hadubini, na hesabu ikaanza: zilizolowa bluu zimekufa, zilizobaki angavu zi hai. Wachache huambiwa jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwa tripanosoma, kijidudu cha malale kinachosambazwa na mbung'o. Mwaka 1904, huko Frankfurt, Paul Ehrlich na Kiyoshi Shiga walitangaza rangi nyekundu iliyoponya panya walioambukizwa vijidudu vya jamii hiyo. Muda mfupi baadaye Félix Mesnil na Maurice Nicolle wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakaja na ya bluu. Ndiyo miaka ambayo malale yalikuwa yakifyeka watu kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako inakadiriwa zaidi ya 200,000 walikufa, na Robert Koch akapiga kambi visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa ya Atoxyl, iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa wake. Tripani ya bluu haikuwa dawa ya malale. Mbwa na ng'ombe wenye magonjwa fulani ya kupe walinufaika nayo kidogo, nyama yao ikageuka bluu. Ajira yake ya kudumu ikawa kwenye kioo cha kuhesabia.

Kipimo hicho kinatumika hadi leo kwa sababu ni rahisi na hakina makuu. Kinasema jambo moja tu: utando wa seli umepasuka na rangi imeingia. Hakisemi ulipasuka lini, kwa sababu gani, wala kwa amri ya nani. Seli iliyochemshwa, seli iliyokosa oksijeni na seli iliyojiua kwa utaratibu, zote hulowa bluu ileile. Historia ya kupima kifo cha seli ni historia ya watu waliotaka kujua kilichotokea kabla ya bluu. Na kila walipopata chombo kipya, chombo hicho kiliwaamulia pia ni kifo gani watakiona na kipi kitawapita.

Wa mwanzo hawakupima chochote. Walitazama na kuchora. Mwaka 1842 Carl Vogt, akichunguza makuzi ya chura wa Ulaya ambaye dume lake hubeba mayai miguuni, aliandika kwamba baadhi ya seli za kiluwiluwi hutoweka ili nyingine zichukue nafasi. Mwaka 1885 Walther Flemming, yuleyule aliyetuonyesha jinsi seli inavyogawanyika, alichora viini vikimeguka vipandevipande ndani ya ovari ya sungura. Michoro ni mizuri. Lakini patholojia ya karne ile, chini ya kivuli cha Rudolf Virchow, ilikijua kifo cha seli kama ajali tu: sumu, joto, kukatika kwa damu. Kilichoonekana bila ajali hakikuwa na mahali pa kuwekwa. Ilipita karibu miaka 80 kabla Richard Lockshin na Carroll Williams, wakifanya kazi na nondo wa hariri huko Harvard, hawajathubutu kuandika, mwaka 1964, kwamba misuli ya nondo hufa kwa kufuata programu.

Wakati huohuo, London, kijana wa Kiaustralia aitwaye John Kerr alikuwa akifunga mshipa wa damu unaolisha sehemu kubwa ya ini la panya. Sehemu iliyonyimwa damu ilisinyaa, jambo lililotarajiwa. Kilichomshangaza ni namna ilivyosinyaa. Mbali na mabaka ya seli zilizokufa kwa kukosa damu, kulikuwa na seli mojamoja zilizotawanyika, zikijikunja na kugawanyika vipande vya mviringo ambavyo majirani walivimeza, pasipo uvimbe wala usaha.

Hapo ndipo kimeng'enya kilipoingia kwa mara ya kwanza katika hadithi yetu, na kiliingia kwa kukana mashtaka. Katika miaka ya 1950 Christian de Duve, Mbelgiji, alikuwa amegundua lisosomu, vifuko vilivyojaa vimeng'enya vya kusaga, na akavipa lakabu ya mifuko ya kujiua. Dhana ilikuwa tayari: seli hufa mifuko hiyo inapopasuka. Kerr alitumia mbinu za kutia rangi vimeng'enya hivyo palepale vilipo katika vipande vya ini. Katika mabaka ya kifo cha kawaida vilikuwa vimemwagika ovyo. Katika zile seli ndogo zinazojikunja, lisosomu zilikuwa nzima. Jibu lilikuwa hapana, na hapana hiyo ilikuwa na thamani kuliko ndiyo nyingi zilizofuata, maana iliwalazimu watu kutafuta mtenda mwingine. Mwaka 1972, akiwa Aberdeen pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie, Kerr alichapisha katika British Journal of Cancer makala iliyokipa kifo hicho jina walilopewa na James Cormack, profesa wa Kigiriki wa chuo hicho: apoptosisi.

Ushahidi wake mmoja ulikuwa umelala Kampala kwa miaka. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa saratani unaoshika taya za watoto. Kipande cha uvimbe huo chini ya hadubini ni uwanja mweusi wa seli zilizosongamana, wenye madoa meupe hapa na pale. Wataalamu wa patholojia wakauita mbingu ya nyota. Nyota hizo ni makrofaji, seli za usafi, zilizoshiba masalia ya wenzao waliokufa. Ndani ya saratani inayokua kwa kasi kuliko karibu zote, vifo vilikuwa vingi mno. Ila maiti zilikuwa zikiliwa ndani ya saa chache, hivyo jicho lilikuta mabaki tu. Kila anayepima kifo cha aina hii hupambana na tatizo hilo. Asilimia ndogo inayoonekana kwa wakati mmoja inaweza kuwa sehemu ndogo ya msiba mkubwa.

Mwaka 1980 Wyllie aliwapa wenzake kipimo cha kwanza cha kikemia. Alichukua seli za tezi ya thaimasi za panya zilizouawa kwa homoni ya jamii ya kotisoni, akatoa DNA yake, akaipitisha kwenye jeli yenye umeme. DNA ilikuwa imekatwa kwa urefu unaojirudia wa herufi 180 hadi 200 hivi, ikapanga mistari kama ngazi. Nadhani hakuna picha iliyochapishwa mara nyingi zaidi katika fani hii kwa miaka 15 iliyofuata. Lakini ngazi huhitaji seli nyingi, na haisemi ni ngapi zimekufa. Mwaka 1992 Gavrieli, Sherman na Ben-Sasson walivumbua njia ya kutia alama kwenye ncha za DNA iliyokatika ndani ya kipande cha nyama, njia maarufu kwa jina la TUNEL. Watu wakaikumbatia kwa sababu sasa seli moja moja ilionekana. Miaka mitatu haikuisha, kundi la Bettina Grasl-Kraupp wa Vienna likaonya kwamba seli zilizokufa kwa ajali, na hata nyama iliyoanza kuoza, nazo hupata alama. Onyo hilo limenukuliwa sana. Kufuatwa ni jambo lingine.

Kipimo ninachokihusudu kuliko vyote hakikuwa na rangi wala jeli. Huko Cambridge, katika maabara ya Sydney Brenner, mwana wa Germiston, Afrika Kusini, John Sulston alikaa mbele ya hadubini akimtazama mnyoo mdogo angavu, C. elegans, akifuatilia kila seli tangu yai. Mwili wa mnyoo huyo huzalisha seli 1,090, na 131 kati ya hizo hufa, kila mara zilezile, kila mara wakati uleule. Ukijua hesabu hiyo, huhitaji kukiona kifo, unahesabu waliobaki. Robert Horvitz alitafuta minyoo iliyobaki na seli za ziada, na mwaka 1986 yeye na Hilary Ellis wakaeleza jeni mbili, ced-3 na ced-4, ambazo zikiharibika, seli zilizohukumiwa huishi. Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Nobeli mwaka 2002. Lakini kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua jeni ya ced-3 inatengeneza kitu gani.

Jibu lilitoka upande usiotarajiwa, kwa watafiti wa homa na uvimbe. Mwaka 1992 makundi mawili, moja la Nancy Thornberry wa Merck na jingine la kampuni ya Immunex, yalikamata kimeng'enya kinachokata protini ya uchochezi iitwayo interleukini-1 beta. Kilikuwa na tabia ya ajabu: kilikata baada ya asidi amino moja tu, aspatiki. Mwaka 1993 Junying Yuan na wenzake katika kundi la Horvitz wakaonyesha kwamba protini ya ced-3 ni ndugu wa kimeng'enya hicho. Mtenda akapatikana, naye hakuwa lisosomu. Ndugu wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, kila maabara ikiwapa majina yake, hadi mwaka 1996 walipokubaliana kuwaita wote kaspesi na kuwapa namba.

Kumpata mtenda ni jambo moja, kupima kazi yake ni jingine. Mwaka 1994 Yuri Lazebnik, Scott Kaufmann, William Earnshaw na wenzao walionyesha kwamba protini ya PARP, inayosaidia kukarabati DNA, hukatwa mapema katika apoptosisi: protini ya kilodaltoni 116 hubaki kipande cha 85 au 89. Mahali inapokatwa pana asidi amino nne mfululizo, ambazo wanakemia huziandika kwa herufi DEVD. Mwaka 1995 Donald Nicholson na wenzake huko Montreal walizichukua herufi hizo nne, wakazitengeneza kama peptidi fupi, wakafunga kwenye ncha yake molekuli ambayo haing'ai mpaka ikatwe. Hicho ndicho chambo. Kaspesi-3 ikiwepo na ikiwa hai, hukata, na molekuli iliyofunguka hujionyesha. Sayansi ya miaka 30 iliyofuata imening'inia kwa sehemu kubwa kwenye herufi hizo nne.

Mwaka 1997 Thornberry alijaribu maelfu ya mchanganyiko wa peptidi ili kujua kila kaspesi hupenda nini. Matokeo yakageuka orodha ya bei: DEVD ya kaspesi-3 na 7, IETD ya kaspesi-8, LEHD ya kaspesi-9. Kilichobadilika baada ya hapo ni kile kinachofungwa mkiani. Paranitroanilini hugeuka njano, husomwa kwenye nanomita 405 kwa mashine ambayo karibu kila maabara ya chuo inayo. Ni ya bei nafuu, lakini huhitaji seli nyingi. AMC na AFC hung'aa zikimulikwa mwanga wa urujuanimno au urujuani, nazo hugundua kiasi kidogo zaidi. Rodamini 110 hung'aa kijani na ina nguvu kuliko hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja ya kimulimuli: chambo kimefungwa lusiferini, kaspesi ikiikata, kimeng'enya cha lusiferasi huigeuza kuwa mwanga. Mizizi yake iko Baltimore, ambako William McElroy aliwalipa watoto senti chache wamkamatie vimulimuli, na mwaka 1947 akaonyesha kwamba mwanga wao huendeshwa na ATP. Kipimo cha namna hii hutosheka na seli chache sana katika sahani yenye visima 96 au 384, na hakihitaji kuosha wala kuhamisha kitu. Kampuni za dawa ndizo zilizokitaka, kwa kuwa zina molekuli laki kadhaa za kupitia.

Urahisi huo una gharama yake. Aliyekuwa akitazama seli akaanza kutazama namba. Kisima kimoja kina maelfu ya seli, na namba yake ni wastani. Mwaka 2000 na 2002, wale waliopiga picha za seli moja moja walionyesha kwamba seli ikishaamua, saitokromi ya mitokondria humwagika ndani ya dakika tano hivi na kaspesi huwaka kwa ghafla, kazi ikaisha ndani ya dakika chache. Ila kila seli huamua kwa wakati wake, nyingine saa ya pili, nyingine saa ya kumi. Mstari unaopanda polepole kwenye kompyuta hauonyeshi kaspesi inayoamka polepole. Unaonyesha umati ambao kila mmoja anaruka ghafla kwa zamu yake. Na baada ya kuruka, seli hupasuka, kimeng'enya humwagika na kuchakaa. Anayepima mara moja tu baada ya saa 24 anaweza kukuta sifuri mahali palipokuwa na maangamizi asubuhi. Kwa hiyo swali la wakati huja kabla ya swali la kipimo: pima kwa saa kadhaa tofauti, hata kama ni kwa njia ya bei nafuu, kuliko mara moja kwa njia ya kifahari.

Halafu kuna suala la nani anakula chambo. Orodha ya Thornberry ilipima vimeng'enya safi, kimoja kimoja. Ndani ya seli wamo wote pamoja, na kaspesi-3 ni nyingi, ina kasi, na haichagui sana. Mwaka 2008 Gavin McStay, Guy Salvesen na Douglas Green walichapisha kile ambacho wengi walikihofia: vyambo vinavyouzwa kama vya kaspesi-8 au 9 huliwa vizuri tu na kaspesi-3. Makala ngapi zimedai kutofautisha njia ya kuanzia nje ya seli na ile ya mitokondria kwa kutazama IETD na LEHD peke yake? Sina haja ya kuzihesabu. Fungua jarida lolote la miaka ile. Anayetaka kujua ni kaspesi ipi imeamka hana budi kutumia kingamwili zinazotambua kipande kilichokatwa, au seli ambazo jeni husika imeondolewa.

Seli zenyewe nazo zina mitego. MCF-7, ukoo wa seli za saratani ya matiti unaotumika duniani kote, hauna kaspesi-3 kabisa. Reiner Jänicke na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba jeni yake imepoteza herufi 47. Seli hizi hufa, lakini hazitoi ngazi ya DNA, na kingamwili ya kaspesi-3 haioni chochote. Mtafiti asiyejua huandika kwamba dawa yake inaua kwa njia nyingine isiyojulikana.

Njia nyingine zipo kweli, na zilijulikana kwa sehemu kwa sababu ya kipimo kilichoshindwa. Kizuizi cha kaspesi kiitwacho zVAD kilipotengenezwa, watu walikitumia kama uthibitisho: seli ikiokoka kwa zVAD, ilikuwa apoptosisi. Mwaka 1998 kundi la Peter Vandenabeele huko Ghent likakuta seli za panya za L929 ambazo, zikipewa zVAD pamoja na protini ya uchochezi TNF, hufa kwa wingi zaidi. Kaspesi ilikuwa ikikizuia kifo kingine. Yuan, yuleyule wa ced-3, alikipa jina mwaka 2005: nekroptosisi. Baadaye kikaja kifo cha chuma, feroptosisi, mwaka 2012. Na mwaka 2015 ikajulikana kwamba kaspesi za uchochezi hukata protini ya gasdemini, ambayo hutoboa utando. Hapo una kaspesi iliyo hai na kifo kilichothibitika, lakini si apoptosisi. Kinyume chake pia kipo: seli za lenzi ya jicho na za damu nyekundu hutumia kaspesi katika kukomaa, na mwaka 2012 Ho Lam Tang na wenzake walieleza seli zilizoamsha kaspesi-3 kisha, sumu ilipoondolewa, zikapona.

Ndiyo maana kamati ya kimataifa ya majina ya vifo vya seli, inayoongozwa na Lorenzo Galluzzi na Guido Kroemer, imekuwa ikisisitiza tangu mwongozo wake wa mwaka 2009 kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mimi ningekwenda mbele kidogo. Vipimo viwili vinavyotazama jambo lilelile bado ni kimoja. Anexini V hunasa mafuta ya fosfatidilserini yanayogeukia nje ya utando, chambo hunasa kaspesi, LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli, ikimwagika huonyesha utando uliopasuka. Hayo ni matatu tofauti kwa nyakati tofauti, na yakipatana kwa mfuatano wake, mtu anaweza kuanza kuamini.

Kwa maabara za vyuo vyetu Afrika Mashariki, ambako kazi nyingi za namna hii huhusu dawa za mitishamba, kuna tahadhari ambayo pakiti za vitendanishi huitaja kwa maandishi madogo, zikiitaja. Maji ya gome la mti huwa ya njano au kahawia, nayo hufyonza mwanga palepale kwenye nanomita 405 ambapo paranitroanilini husomwa. Flavonoidi kama kwesetini hugeuza kitendanishi cha MTT, kinachotumika kupima uhai wa seli, kuwa zambarau zenyewe, bila seli hata moja, hivyo seli zilizokufa huonekana hai. Resveratroli huzuia lusiferasi ya kimulimuli, hivyo kaspesi iliyo kazini huonekana imelala. Fedha zikiwa kidogo, ningechagua chambo cha AFC au cha njano, kwa saa nne au tano tofauti, sambamba na hadubini ya kawaida na rangi ya kiini. Ningeongeza visima vitatu ambavyo watu huvionea uchoyo: kimoja cha dawa bila seli, kimoja cha seli zilizouawa kwa staurosporini ili kujua kama chambo bado ni kizima, na kimoja chenye kizuizi cha kaspesi. Kile cha kwanza hakigharimu karibu chochote, na ndicho kinachokosekana mara nyingi zaidi.